Tone Lisilowasha

Nyumbani kwa kina Afiya, mjini Mambrui, hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Kabla chai haijachemka, na kabla Nyanya Shekha hajatia mahamri ya kwanza kwenye karai, kikohozi cha Afiya kilikuwa kimekwisha kuwaamsha wote. Alikuwa ameketi katikati ya kitanda kikubwa alicholala na nyanya yake, mabega yamepanda, kifua kinamlia miluzi. Mama alikuja na inhela ya bluu mkononi, akamweka sawa.

"Vuta polepole. Izuie pumzi. Haya, iachie."

Baada ya muda miluzi ilipungua na Afiya akaweza kucheka tena. Hapo ndipo macho ya Mama yalipohama kutoka kwa mtoto na kumwangukia Bizari. Bizari alikuwa paka wa manjano, mvivu kupindukia, aliyeamini kwamba kitanda kile ni chake na hao binadamu wawili ni wageni tu. Alilala miguuni pa Afiya tangu alipookotwa uchochoroni akiwa mdogo wa kuenea kikombeni.

"Ni huyu," Mama alisema asubuhi hiyo, kama alivyosema asubuhi nyingine nyingi. "Manyoya yake ndiyo yanayokubana kifua. Siku daktari akinithibitishia, siku hiyo hiyo babako anampeleka sokoni Malindi, akaishi na wauza samaki. Atashiba kuliko hapa."

"Mama, yeye hajafanya lolote."

"Hilo atalisema daktari," Mama akajibu, akarudi jikoni.

Afiya alikunywa chai haraka haraka, akala mahamri yake kwa mbaazi, akatoka mbio. Hakuwa na wakati wa kuhuzunika. Watafiti kutoka Kilifi walikuwa wanakuja shuleni leo, na Mwalimu Hesbon, mwalimu wao wa sayansi, alikuwa amewatangaza wiki nzima kwa bashasha kana kwamba anaoa.

Wanafunzi wote wenye pumu waliitwa katika darasa la Gredi ya Sita. Afiya alikaa mbele kabisa pamoja na Dena, rafiki yake, mvulana ambaye pumu iliwahi kumlaza hospitalini lakini haikuwahi kumnyamazisha. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mrefu mwenye sauti iliyosikika mpaka getini.

"Naitwa Daktari Kadii. Nimezaliwa Vitengeni, na hii hapa ni inhela yangu," akasema, akaitoa mfukoni. "Nina pumu tangu nikiwa mdogo kuliko nyinyi. Kwa hiyo msiniogope. Sisi ni wa chama kimoja."

Darasa likazizima kwa furaha. Afiya hakuamini macho yake. Daktari mwenye pumu, tena anayeitangaza bila haya.

Mambo yakaanza. Kwanza walipuliza kwenye kipimo cha pumzi, bomba dogo la plastiki lenye mshale unaosogea kadiri mtu anavyopuliza kwa nguvu. Dena alipuliza mpaka macho yakamtoka na sauti isiyotarajiwa ikatoka upande wa pili, na ilichukua muda kabla utulivu kurudi. Afiya alipuliza kwa moyo wake wote, lakini mshale wake ulikomea chini.

Kisha Daktari Kadii akawaeleza. "Mwilini mna askari wanaopigana na vijidudu vya maradhi. Hao ndio kinga yetu. Kwa mwenye mzio, askari hawa ni wakali kupita kiasi. Hupita kitu kisichodhuru, labda chavua ya maua, wao wakapiga kengele kana kwamba mji umevamiwa. Njia za hewa zinavimba na kubana, ndipo pumu inapokupanda. Lakini hawakasirikii kila kitu. Kila mmoja wenu ana kitu chake, nasi tumekuja kukitafuta."

"Mtakitafuta vipi?" Afiya aliuliza. Hakujua hata alisimama saa ngapi.

"Swali zuri. Tutaweka matone mkononi, kila tone limetengenezwa kwa kitu kimoja. Kuna la ukungu unaoota ukutani, la chavua, la mende, la utitiri wa vumbi na la paka. Tunadunga kidogo juu ya kila tone, tunasubiri robo saa. Penye mzio ngozi itavimba na kuwasha mfano wa kuumwa na mbu. Tutafanya hivyo Jumatatu ijayo. Lakini sikilizeni sana. Mpaka siku hiyo, msinywe vidonge vya mafua wala vya mwasho. Vidonge hivyo huwalaza wale askari, nasi tutadhani huna mzio wowote. Inhela endeleeni nazo kama kawaida."

Wenzake walipiga makofi, lakini mikono ya Afiya ilikuwa imeganda. La paka, daktari alisema. Furaha yake ikaingia doa.

Alasiri Mama na Nyanya walikuja shuleni kutoa idhini. Daktari aliwauliza maswali mengi juu ya nyumba yao, likiwemo la moshi.

"Sisi tunapikia gesi, mwanangu," Nyanya Shekha akajibu kwa maringo. "Kwetu moshi haujui mlango."

Wiki hiyo Afiya hakuwa na raha. Mchana alitamani Jumatatu ifike, maana hakuna jambo lililowahi kumvutia kuliko yale matone. Jioni alimpakata Bizari na kutamani Jumatatu isifike kabisa. Na Jumapili, wakati Nyanya alipokuwa akizunguka na chetezo kuyafukiza mapazia kwa udi, Afiya alifungua kibweta cha dawa za nyumbani. Vidonge vidogo vya manjano vya mafua vilikuwa humo. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema vinawalaza askari. Alimeza kimoja. Asubuhi akameza kingine, akaenda shule.

Kilichomshangaza ni usingizi. Katika somo la kwanza kichwa kilimwangukia dawatini, Dena akamfinya.

"Wewe vipi? Leo ndiyo siku yenyewe, nawe unakoroma?"

Majina yaliitwa kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo Afiya akawa wa kwanza. Bwana Mangi, mtaalamu wa maabara wa makamo aliyependa kunyamaza, alimchora alama za kalamu mkononi, akadondosha matone, akadunga kwa kisindano kifupi. Halikuwa jambo la kulia. Wenzake walijazana dirishani wakigombea nafasi.

Robo saa ikapita. Ngozi ya Afiya ilibaki laini kama ilivyokuwa. Kwenye tone la paka, hakuna kitu. Alitaka kuruka kwa furaha.

Lakini Daktari Kadii hakuangalia tone la paka. Aliangalia la kwanza kabisa, karibu na kiwiko, akakunja uso.

"Hili halikuwashi?"

"La, Daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," Afiya akajibu kwa fahari.

"Hapo pana shida," daktari akasema polepole. "Tone la kwanza si la kutafuta mzio. Hilo ni shahidi wetu. Ndani yake mna kitu kile kile ambacho mwili hukitoa mzio ukipanda, kwa hiyo lazima limvimbishe kila mtu, mwenye mzio na asiye nao. Likinyamaza, hatuwezi kuyaamini mengine. Afiya, ulikunywa dawa yoyote ya mafua?"

Afiya alihisi masikio yakimchoma. "La, Daktari."

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia mwenzake. "Mangi, chupa hii ilikuwa kwenye barafu?"

"Niliifunga mwenyewe alfajiri," Bwana Mangi akasema, na uso wake ukasawijika.

"Basi labda joto limeiingia njiani. Chupa ikiwa imeharibika, leo hatumpimi mtu. Na kuanzia kesho tuna shule nyingine. Itabidi turudi hapa muhula ujao, tukipata nafasi."

Manung'uniko yakasikika dirishani. Sauti ya Dena ilipita zote. "Muhula ujao? Daktari, mimi nina mafua tangu Jumatano na sijameza kidonge hata kimoja. Tazama mkono wa shati langu ulivyojaa kamasi."

Baadhi walicheka. Afiya hakucheka. Aliutazama ule mkono wa shati, akautazama uso wa Bwana Mangi ambaye sasa alikuwa akiigeuzageuza chupa mwangani kana kwamba anaiomba radhi.

"Kabla hatujafunga virago, nijipime mimi," Bwana Mangi akasema. Akakunja mkono wa shati, akadondosha tone, akajidunga. "Likinivimbisha, chupa ni nzima. Lisiponivimbisha, kosa ni langu."

Chumba kizima kikaukodolea macho ule mkono. Hakuna aliyekohoa. Afiya alijua kitakachotokea, yeye peke yake miongoni mwa wote. Angeweza kukaa kimya. Ngozi ingevimba, watu wangeanza kuulizana, na yeye angeshikilia neno lake kwamba hakunywa kitu, nani angemthibitishia? Lakini Bwana Mangi alikuwa amekwisha kujibebesha kosa ambalo si lake, na Dena alikuwa amevumilia mafua kwa uaminifu wa ajabu. Aliona aibu mpaka miguuni.

"Daktari," akasema, "chupa ni nzima. Ni mimi. Nilikunywa vidonge vya mafua. Kimoja jana, kingine leo asubuhi."

Bwana Mangi akaanza kujikuna.

"Kweli ni nzima," akasema. "Naanza kuwashwa."

Walipouona uvimbe ukichomoza mkononi mwake, wanafunzi walishangilia hata vioo vya madirisha vikatetemeka. Dena akaingia kupimwa bila hata kuitwa. Katikati ya shangwe hiyo Daktari Kadii alimchukua Afiya mpaka barazani.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Kwa ajili ya Bizari."

"Bizari ni nani?"

"Paka wangu. Mkisema ni yeye, atapelekwa sokoni." Machozi yakamtoka.

Midomo ya daktari ilicheza kidogo, lakini hakucheka. "Nimekukasirikia, sitakuficha. Umekunywa dawa bila mtu mzima kujua, na hilo lingeweza kukuumiza. Kisha umenitazama usoni ukasema hukunywa. Lakini pia umesema kweli wakati ulipoweza kuendelea kuficha, na hilo nimeliona. Wiki ijayo tunapita hapa tukielekea Gongoni. Dawa itakuwa imekwisha kutoka mwilini, nitakupima tena. Ila leo ukifika nyumbani utamweleza mamako mwenyewe. Mimi simwambii."

Mama alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi Afiya alipofika. Alisikiliza mpaka mwisho, nazi imemtulia mkononi.

"Nilikutisha mpaka ukaogopa kuniambia," akasema hatimaye. "Hilo ni langu. Lakini kunywa dawa kwa siri, hilo ni lako."

Kibweta cha dawa kikatiwa kufuli. Bizari naye akahamishiwa uani kungoja hukumu, na alilalamika kwa sauti iliyowakera majirani. Wiki ikawa ndefu. Ila siku ya nne Afiya aliamka akikohoa, kifua kinapiga miluzi ile ile, na badala ya kununa akakurupuka kitandani.

"Mama," akasema, akitafuta pumzi, "Bizari hajalala humu tangu Jumatatu. Na bado ninakohoa."

Mama alimpa inhela kwanza, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akiwaza. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jumatatu ilipofika, Mama na Nyanya waliandamana naye mpaka shuleni. Bwana Mangi akachora alama zake, akadondosha, akadunga. Safari hii hapakuwa na kungoja sana. Ngozi karibu na kiwiko ilianza kumtekenya, ikamuwasha, ikamchoma.

"Linawasha," Afiya akasema. "Daktari, shahidi anawasha. Anawasha sana."

"Sijawahi kuona mtu anafurahia upele," Dena akasema kutoka dirishani.

Afiya hakuweza kutulia kitini. Alijikataza kuliangalia tone la paka, akashindwa, akaliangalia, akafumba macho. Robo saa iligoma kwisha. Hatimaye Daktari Kadii akainama na rula yake ndogo.

"Ukungu, hakuna. Chavua, hakuna. Mende, kidogo." Akasita. "Paka, hakuna."

"Hakuna?" Mama akauliza.

"Hakuna. Tazama mwenyewe, pamelala kabisa."

Afiya aliruka, mkono wake ukiwa bado na matone, mpaka Bwana Mangi akalazimika kumrudisha kitini. Huko dirishani jina la Bizari lilikuwa likiimbwa na watoto ambao hawakuwahi kumwona. Afiya alieleza jinsi paka alivyolala uani na kikohozi kikabaki.

"Umefikiri kama mtafiti," daktari akamwambia, "ingawa lile pekee lisingetosha. Mabaki ya paka hukaa ndani ya nyumba muda mrefu hata akiondoka. Ndiyo maana tunapima. Sasa tazama hapa."

Kwenye alama iliyobaki palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko ule wa shahidi, mwekundu pembeni.

"Huyu ndiye adui yako. Utitiri wa vumbi. Ni vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hukaa kwenye magodoro na mito, hula vijipande vya ngozi vinavyotupukutika, na hupenda unyevu. Pwani yetu unyevu haukosi. Unalalia godoro gani?"

"La sufi," Afiya akasema, na sauti yake ikapungua, kwa kuwa alimwona Nyanya.

"Godoro langu la harusi," Nyanya Shekha akasema. "Mamangu alilijaza sufi kwa mikono yake. Kila Ijumaa tunalitoa juani, mimi na Afiya, tunalipiga fimbo mpaka vumbi lote litoke."

"Na Afiya anasimama karibu?"

"Si ndiye mshika fimbo?"

Daktari akashusha pumzi. "Kuna kingine chochote kinachomkera kifua? Marashi makali, au moshi? Juzi mliniambia moshi hamna."

Nyanya alifungua mdomo, lakini Afiya akamtangulia kwa heshima. "Kuna udi, Daktari. Kila magharibi."

"Udi si moshi," Nyanya akasema. "Udi ni manukato."

"Kwa pua ni manukato, Bi. Shekha," daktari akajibu kwa upole. "Kwa kifua chenye pumu ni moshi mtupu."

Nyanya akarekebisha buibui lake. "Basi nami nilikupa jibu la uongo. Mtoto alijua anachoficha. Mimi sikujua hata kwamba naficha."

Siku hiyo Afiya alipewa inhela ya pili, ya rangi ya kahawia, ya kuvuta kila siku hata akiwa mzima ili uvimbe wa ndani utulie, na akaonyeshwa kusukutua kinywa kila amalizapo. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Godoro la sufi liondoke. Daktari Kadii akamweleza pia kwamba watafiti wanaendelea kutafuta njia za kuwazoesha wale askari wakali, kwa kuwapa kidogo kidogo kile wanachokichukia mpaka wakubali kukaa nacho. Afiya aliuliza maswali mpaka Mwalimu Hesbon akaja kuwakumbusha kwamba Gongoni kuna watoto wanasubiri.

Baba yake, Athman, alileta godoro jipya kutoka Malindi, lenye ganda la kufungwa kwa zipu. Lile la sufi lilipotolewa mlangoni, Nyanya aliliwekea kiganja mara moja, akawaambia wabebaji waendelee. Chetezo kikahamia kwenye chumba cha wageni, na kilitiwa udi tu Afiya alipokuwa madrasa, madirisha wazi.

Muhula ulipokuwa ukingoni watafiti walirudi. Afiya alikishika kipimo cha pumzi, akajaza kifua hewa, kifua ambacho kwa wiki kadhaa kilikuwa kimesahau miluzi, akapuliza. Mshale ulipanda, ukapita alama yake ya zamani, ukapita ya Dena, ukaendelea.

"Rudia," Dena akadai. "Huyu ameiba."

Alirudia, ukafika pale pale. Darasa lilipasuka kwa vifijo, na Mama, aliyesimama mlangoni na Nyanya, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Makelele yalipotulia Daktari Kadii akamwita Afiya karibu, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nataka ulijue jambo hili, na wenzako walisikie. Uliposema uongo, ulidhani unamwokoa Bizari. Lau ungefaulu, ningeandika kwamba huna mzio wa kitu chochote. Ungerudi kulala juu ya lile godoro. Na kila ulipokohoa, mamako angemtazama paka yule yule, mpaka siku moja angechoka, akampeleka sokoni bila kungoja daktari. Uongo wako ungekuumiza wewe na yeye pia. Kilichomsafisha ni majibu ya kweli, yale yale uliyokuwa ukiyaogopa. Kwa hiyo mkija kwa daktari, nyote, semeni kila kitu kama kilivyo, hata pale mnapohofia jibu. Sisi hatuwezi kutibu tusichokijua."

"Nimesikia, Daktari," Afiya akasema.

"Nami nimesikia," Nyanya Shekha akasema kutoka mlangoni, kabla hajaulizwa.